Mmea Usiotulia: Niliyojifunza kwa Mnanaa wa Uani

Mnanaa wangu wa kwanza niliuokota katika rundo la taka za jikoni. Ilikuwa siku ya mapishi ya harusi ya binamu yangu, uani mwa nyumba moja ya Barabara ya 12, Ngamiani, hapa Tanga, nasi wanawake tulikuwa tumegawana kazi: wengine wanakata vitunguu vya kukaanga, wengine wanachambua mchele, na mimi na shangazi yangu tumekabidhiwa mafungu ya nanaa ya kutia katika biriani. Nilikuwa ninanyonyoa majani na kuyaweka kwenye ungo, vikonyo ninavitupa pembeni pamoja na maganda ya vitunguu. Shangazi alinitazama kwa muda, kisha akanishika mkono. “Usivitupe hivyo, mwanangu,” aliniambia. “Jani ukilipanda halioti. Kinachoota ni hicho unachokitupa.” Niliokota vikonyo saba, nikavifunga kwenye upindo wa kanga, na jioni nikarudi navyo nyumbani Makorora.

Nilivitoa majani ya chini ili yasioze, nikavisimamisha ndani ya bilauri ya maji dirishani, mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali, na kila baada ya siku mbili nilibadilisha maji. Siku ya tisa niliona mizizi myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, ikichomoza kwenye mafundo, yaani pale ambapo majani yalikuwa yameshikana na shina. Vitano kati ya saba viliota. Tangu siku hiyo imepita miaka 14, na katika muda huo nimeupoteza mmea huu mara mbili, nimeupata tena mara mbili, na nimekosea mengi katika kuutunza na katika kuupika. Nikiyatazama makosa hayo sasa, naona karibu yote yana asili moja: nilitaka mnanaa utulie pale nilipouweka, ilhali mnanaa ni mmea wa kwenda.

Ni vyema nieleze kwanza ninazungumzia mmea gani, kwa kuwa jina lenyewe liliwahi kunipoteza. Mwaka wa pili jirani mmoja aliniletea mche aliouita nanaa, wenye majani manene, yenye manyoya laini, na harufu kali iliyokaribiana na ya dawa ya kuchua. Niliutwanga katika chatne ya bajia, na siku hiyo bajia zililiwa kavu. Ule haukuwa mnanaa bali jamaa yake, kwani ukoo huu ni mkubwa na ndani yake wamo pia mrehani na kivumbasi tunavyovifahamu sana huku pwani. Wengi katika ukoo huo wana shina la pembe nne, ambalo ukiliviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada unazihisi pembe zake, na majani yao hutoka mawili mawili yakitazamana, kila jozi ikikaa msalaba juu ya jozi ya chini yake. Kwa hiyo shina pekee halitoshi kuutambua mnanaa. Jani lake ni jembamba, lina meno madogo pembeni na mishipa iliyozama, na harufu yake ni safi, haina uzito wa dawa.

Hata ndani ya mnanaa wenyewe ziko aina nyingi, na mbili ndizo zinazomhusu mpishi. Ya kwanza, ambayo wataalamu huiita Mentha spicata, ina majani yaliyokaa karibu kabisa na shina, karibu bila kikonyo cha jani, na harufu tamu iliyopoa. Hii ndiyo nanaa ya biriani, ya chatne na ya chai. Ya pili, Mentha × piperita, ina kikonyo cha jani kinachoonekana, shina lenye wekundu wa zambarau, na ukali unaopoza mdomo mzima kama peremende. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ndiye aliyeziandikia zote mbili majina hayo mwaka 1753. Alama ile ya kuzidisha katika jina la pili ina maana yake: aina hiyo ni chotara, mtoto wa spicata na mnanaa mwingine unaopenda kuota kando ya maji, na kama ilivyo kwa machotara wengi, ni tasa. Haizai mbegu za kutegemewa. Laiti ningelijua hilo mapema, nisingelinunua pakiti ya mbegu katika duka moja la pembejeo, iliyoandikwa kwamba ndani yake mna mnanaa huo mkali. Zilizoota zilikuwa za kila namna, nyingine hazina harufu kabisa. Anayetaka mnanaa mwema auombe kwa mwenye nao, aonje jani kwanza, ndipo achukue kikonyo.

Miche yangu mitano niliipanda ardhini, kwenye tuta lililokuwa karibu na bomba, katikati ya mchicha na giligilani niliyokuwa nikiipanda kwa ajili ya kotmiri. Niliona ni mahali pazuri kwa sababu udongo wetu ni wa kichanga, hunyonya maji na kuyapoteza upesi, na pale karibu na bomba palikuwa na unyevu siku zote. Miezi mitatu ya mwanzo nilifurahi. Masika yalipoingia mwezi wa Machi, mnanaa uliondoka. Juu ya ardhi ulitoa mashina marefu yaliyotambaa yakigusa udongo, na kila fundo lililogusa udongo lilitoa mizizi yake na kuwa mmea unaojitegemea. Chini ya ardhi, kwa kina cha vidole vitatu au vinne hivi, ulipeleka mashina mengine meupe yasiyo na majani, yaliyopenya katikati ya mizizi ya mchicha bila mimi kujua. Kufikia Juni giligilani ilikuwa imekwisha, na mchicha ulikuwa umebaki mabua machache yaliyodumaa.

Niling’oa. Kung’oa mnanaa kwa mikono ni kama kuupanda upya, kwa sababu shina la chini hukatika vipande, na kila kipande chenye fundo hata moja kinaweza kuchipua. Nilililima tuta lile kwa jembe, nikidhani ninausafisha, kumbe ninaukatakata na kuusambaza. Ilinichukua misimu mitatu ya mvua, nikipepeta udongo kwa vidole na kuokota kila kiuzi cheupe, mpaka tuta likarudi kuwa la mchicha. Vipande hivyo sikuvitupa katika shimo la mboji, nako nashukuru nilipata onyo la shangazi kwa wakati. Nilivianika juu ya bati mpaka vikakauka kabisa.

Tangu hapo mnanaa wangu unakaa ndani ya vyombo. Nimetumia masufuria yaliyotoboka, beseni la kufulia lililopasuka, na ndoo za rangi za lita 20, na hizo ndoo ndizo ninazozipenda zaidi, kwa kuwa zina kina cha kutosha na zinahamishika. Ninazitoboa chini matundu manane au kumi, ninaweka kokoto kidogo, kisha udongo uliochanganywa na samadi ya ng’ombe iliyooza vizuri, sehemu mbili za udongo kwa moja ya samadi. Samadi mbichi huunguza mizizi, na samadi nyingi mno hutoa majani makubwa yenye harufu hafifu, jambo ambalo lilinishangaza mpaka nilipoyalinganisha majani ya ndoo mbili zilizokaa bega kwa bega. Ndoo ninaziweka upande wa mashariki wa nyumba, chini ya mpera, zipate jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na husema mnanaa uwekwe juani. Jua la Tanga la mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, ni jambo lingine kabisa. Katika miezi hiyo ninamwagilia asubuhi na alasiri, na wakati wa masika simwagilii kabisa ila naziinua ndoo juu ya matofali zipitishe maji.

Maji yenyewe yaliwahi kuniponza. Bomba la mtaani kwetu lilipasuka, likakaa siku nyingi bila kutengenezwa, nami nikawa ninachota kisima cha jirani. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, ambayo mtu huyazoea kwa kufulia na kuoshea vyombo, lakini mnanaa haukuyazoea. Kingo za majani zilianza kuwa za kahawia, kana kwamba zimepitishwa motoni, na baada ya wiki mbili nusu ya ndoo zilikuwa zimekufa. Ile ndiyo mara ya kwanza niliyobaki bila mnanaa, kwa maana hata zilizosalia hazikupona. Nilirudi kwa shangazi kuomba kikonyo, na sikuulizwa neno.

Kosa lililofuata lilikuwa la uvivu uliovaa nguo za upole. Nilikuwa na ndoo moja iliyostawi kuliko zote, imejaa na kufurika, nami nikaionea huruma kuivuruga. Niliiacha mwaka mzima. Kidogo kidogo katikati pakawa na upara, mashina yakawa magumu kama vijiti, majani yakawa madogo na machungu, na uhai wote ukawa umekimbilia ukingoni, ambako mashina yalikuwa yakizunguka ndani ya ndoo kama kamba iliyosokotwa, yakitafuta pa kutokea. Nilipoipindua niliona mizizi imekamatana ikawa umbo la ndoo yenyewe, na udongo ndani yake ulikuwa kidogo sana. Ndipo nilipoelewa kwa nini mmea huu hutambaa: hujilisha kwa kuuacha udongo uliochoka na kwenda penye udongo mpya. Ukiuzuia ndani ya chombo, kama tunavyolazimika, basi kazi ya kuuhamisha inakuwa yako.

Sasa kila baada ya miezi minane hivi, na ninapendelea kuanza kwa vuli au mwanzoni mwa masika, ninaipindua kila ndoo, ninalikata bonge kwa kisu katika vipande vinne, ninatupa sehemu ya katikati iliyozeeka, na kupanda tena vile vya ukingoni, vitatu au vinne kwa ndoo, katika udongo mpya. Vinavyobaki ninavigawa. Ninayakata mashina mara kwa mara hata pale nisipokuwa na haja ya kupika, nikiacha urefu wa vidole vinne juu ya udongo, na baada ya wiki tatu hivi huwa yamerudi yakiwa laini.

Wenye uzoefu wa nchi za baridi huonya kwamba majani yavunwe kabla ya maua. Katika miaka yote hii, ua la mnanaa sijaliona uani kwangu. Aina hizi mbili huhitaji mchana mrefu ili zichanue, mchana wa kiangazi cha Ulaya, na hapa kwetu, takriban nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana wetu hauondoki sana kwenye saa 12 mwaka mzima. Mmea unabaki kuwa majani na mashina, na namna yake ya kuongezeka ni kutambaa tu.

Jambo hilo lina matokeo ambayo sikuyafikiria. Mnanaa wote niliokuwa nao katika ndoo zangu tisa ulikuwa mmea mmoja. Haukuwa ndugu wala watoto. Ni ule ule wa shangazi, umekatwa vipande. Watu wa Tanga tunaijua hali hii kupitia mkonge, kwa kuwa Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, katika miche 1,000 iliyotoka Florida kwa kupitia Hamburg ni 62 tu iliyofika hai, na kutokana na hiyo ndipo mkonge ukaanza kuenea katika nchi hii kwa kuchukua vitoto vya mmea na kuvipanda. Mmea ulioenea hivyo una sifa moja, na una udhaifu mmoja pia, kwamba kinachoweza kuua tawi moja kinaweza kuyaua yote.

Kwangu kilichokuja ni kutu. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito, nami nilikuwa na tabia ya kumwagilia jioni kwa kunyunyiza juu ya majani, hata siku za mawingu, kwa sababu nilipenda harufu iliyopanda. Siku moja nililigeuza jani nikaona chini yake madoa ya unga wa rangi ya chungwa iliyokoza, kama manjano iliyomwagika, na nikilisugua unga ule unabaki kidoleni. Ni ugonjwa wa ukungu unaoujua mnanaa na jamaa zake wa karibu, na hujificha hata ndani ya mashina ya chini ya ardhi, hivyo kuyakata majani hakuuondoi. Nilikata, ukarudi. Nilikata tena, ukarudi katika ndoo zote tisa kwa mpigo. Mwishowe nilichoma moto kila kitu, nikaumwaga udongo mbali na uani, nikaziosha ndoo na kuzianika juani mwezi mzima. Jioni simwagilii tena, na maji ninayapeleka chini ya shina.

Mnanaa niliuandalia mahali upya lakini sikuwa na wa kupanda, na shangazi wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Uani kwake palikuwa pameshajengwa vyumba vya kupangisha. Nilihuzunika kwa namna ambayo sikuitarajia, kwa maana mmea ule ulikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho kutoka mkononi mwake. Kisha wifi yangu wa Pangani alikuja kutusalimia, nami nikamsimulia, akacheka. “Wifi, umesahau? Ulinipa wewe mwenyewe mwaka ule nilipojifungua. Nimeupanda kando ya birika, umejaa.” Wiki iliyofuata alimtuma mwanawe na vikonyo kumi na viwili vilivyofungwa kwa gazeti lililoloweshwa, ndani ya mfuko uliotobolewa usishike joto. Niliyageuza majani yake moja baada ya jingine kabla ya kuvipokea ndani. Vilikuwa safi.

Jikoni nako mnanaa hautulii, na hapa ningependa kukaa kidogo. Harufu yake imo katika mafuta yaliyohifadhiwa kwenye vifuko vidogo mno juu ya uso wa jani, ndiyo maana ukilipitishia kidole tu linanukia. Mafuta hayo huruka kwa joto pamoja na mvuke. Viwandani hutolewa hivyo hivyo, kwa kupitisha mvuke kwenye majani na kuupoza upate kurudi maji na mafuta. Mpishi anayechemsha nanaa pamoja na maji ya chai kwa dakika kumi anafanya kazi ya kiwanda hicho, tofauti ni kwamba mafuta anayapeleka darini. Nyumba nzima inanukia na kikombe kinabaki na maji ya majani. Mimi ninachemsha maji na tangawizi kama ninaitaka, ninayaepua, ndipo ninatia vitawi vitatu vya nanaa vilivyopondwa kidogo kwa kiganja, ninafunika, na kusubiri dakika tano. Mfuniko ni wa lazima. Chai hiyo haihitaji majani mengi ya chai, na iliki usiitie, kwani iliki na nanaa hugombana.

Katika biriani nimeona watu wengi wakitia nanaa mara moja, ama yote kwenye nyama ama yote juu ya wali. Shangazi aliigawa mara mbili, nami sijaona sababu ya kumwacha. Fungu la kwanza alilikata na kulichanganya na mtindi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu katika nyama inayolazwa usiku kucha. Hilo hupoteza ukali wake motoni na kuacha utamu wa chinichini ndani ya rojo. Fungu la pili, majani mazima, aliliweka katikati ya tabaka za wali pamoja na kotmiri na vitunguu vilivyokaangwa vikawa vyekundu, dakika chache kabla ya kuepua, likapata mvuke tu. Unapopakua, fungu hilo la pili ndilo linalokufikia kabla ya sahani.

Chatne ndiyo inayonipa raha zaidi, hasa ya bajia za kunde na ya mishkaki. Ninachukua viganja viwili vya majani ya nanaa na kimoja cha kotmiri pamoja na vikonyo vyake laini, pilipili mbichi mbili, punje mbili za kitunguu saumu, chumvi, na nazi iliyokunwa kiasi cha vijiko vitatu. Chumvi, pilipili na vitunguu saumu hutangulia kinuni, na nanaa huingia mwisho. Blenda inafanya kazi hiyo kwa dakika moja, lakini visu vyake hupasha joto na kulichosha jani, na chatne hugeuka nyeusi upesi; anayeitumia atie maji baridi sana na aizungushe kwa vipindi vifupi. Ndimu inakamuliwa mezani. Nilikuwa naikamulia mapema nikidhani inahifadhi rangi, kumbe ikikaa saa nyingi kijani kile hugeuka kuwa cha mzeituni. Chatne iliyotwangwa asubuhi kwa ajili ya jioni si chatne ya nanaa tena, na wageni wa futari wanaistahili ile ya dakika za mwisho.

Nilitaka kujua kwa nini jani lisilo na barafu linapoza ulimi, nikakuta kwamba jibu halina miaka mingi. Mentholi, ambayo imo kwa wingi katika ule mnanaa mkali, huamsha mlango ule ule wa mishipa ya fahamu unaoamshwa na baridi halisi, hivyo ubongo hupokea habari ya baridi ingawa joto la mdomo halijabadilika. Wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa njia yake, waliitumia mentholi kuugundua mlango huo, na mwaka 2021 walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi zao kuhusu hisia za joto na mguso. Nanaa yetu ya biriani ina mentholi kidogo sana. Harufu yake hutokana hasa na kitu kingine kiitwacho karvoni, na ndiyo maana yenyewe hunukia kwa ubaridi lakini haiumi. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa na mpishi, kwa sababu ule mkali ukiutia katika nyama, chakula kizima hunukia dawa ya meno.

Kuhusu tiba nitasema machache, kwa kuwa niliwahi kumuumiza mtu niliyempenda. Mjomba wangu alikuwa akilalamika kifua kuwaka moto baada ya kula, nami kila usiku nikampelekea kikombe cha chai ya nanaa kali, nikiamini kwamba kinachotuliza tumbo kitatuliza na kifua. Alizidi kuwa mbaya. Daktari ndiye aliyetueleza kwamba mnanaa mkali hulegeza misuli, pamoja na ule unaofunga njia kati ya koo la chakula na tumbo, hivyo mwenye kiungulia hufunguliwa njia ya asidi kupanda. Tumbo la gesi huweza kupata nafuu kwa sababu hiyo hiyo ya kulegeza. Na mafuta yenye mentholi hayapakwi usoni wala puani mwa mtoto mchanga, hata akiwa na mafua ya kumkosesha usingizi, kwa maana yanaweza kumbana pumzi.

Na wapo wanaopanda mnanaa madirishani ili ufukuze mbu. Nami niliupanda, ndoo nne chini ya dirisha la chumba cha kulala, kila moja juu ya sahani ya kushikia maji. Mbu waliongezeka. Jani lililotulia halitoi harufu ya kutosha kumfukuza mdudu yeyote, na katika zile sahani, siku moja nilipoinama kuokota jani, niliona viluwiluwi vya mbu vikicheza. Sahani nilizitupa siku hiyo hiyo, na chandarua kikaendelea na kazi yake.

Kukausha nanaa hapa pwani ni kazi ngumu, kwa kuwa hewa yetu ina unyevu mwingi na majani huota ukungu kabla hayajakauka, na juani hupoteza harufu yote. Ninachofanya ni kuyakata, kuyatia katika vyombo vya kugandishia barafu pamoja na maji, na kuyatoa kipande kimoja kimoja kwa ajili ya maji ya ndimu. Kwa siku mbili tatu inatosha kusimamisha fungu katika bilauri ya maji, kama nilivyofanya siku ile ya kwanza, na mara nyingi kabla halijaisha kutumika linakuwa limeshatoa mizizi.

Mwezi wa Ramadhani uliopita bei ya fungu sokoni Mgandini ilipanda, na kila alasiri watoto wa mtaani walikuwa mlangoni kwangu. “Shikamoo bibi, mama anaomba nanaa.” Zamani nilikuwa nakata majani na kumpa mtoto. Sasa ninaingiza kisu udongoni, ninamkatia na shina lenye mizizi, ninalifunga kwa gazeti lenye maji, na kumwagiza amwambie mama yake alipande ndani ya ndoo, si ardhini, na aliweke mahali penye kivuli cha mchana. Nimehesabu nyumba kumi na moja za mtaa wetu zilizo na mnanaa wa shangazi sasa, ukiacha ule wa Pangani. Juzi katika ndoo ya ukingoni nimeona tena doa moja la rangi ya chungwa chini ya jani. Ndoo hiyo nimeshaichoma moto, na nyingine ninazikagua kila asubuhi.